Kesi ya Raiders Retreat: mstari wa hati ya bima uliozidi sheria ya jimbo

Uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa tarehe 21 Februari 2024, katika kesi ya Great Lakes Insurance SE dhidi ya Raiders Retreat Realty Co., wengi wameusoma kwa namna moja: boti ilikwama, kampuni ya bima ikatafuta kisingizio cha mitungi ya kuzimia moto, na majaji wote tisa wakaibariki. Hasira iliyomo katika usomaji huo naielewa, lakini usomaji wenyewe unakosea kuhusu kilichoamuliwa. Majaji hawakusema Raiders ilipwe wala isilipwe. Waliulizwa swali jingine kabisa: hati ya bima ikisema mgogoro utaamuliwa kwa sheria ya New York, je, mahakama ya shirikisho iliyoko Pennsylvania inaweza kuuweka kando mstari huo kwa sababu unakwenda kinyume na msimamo mzito wa Pennsylvania juu ya haki za wenye bima, yaani waliokatiwa bima? Wakajibu kwamba haiwezi. Hoja yangu ni kwamba jibu hilo lina uzito mkubwa kuliko suala zima la mitungi. Haki ambazo bunge la jimbo limempa mwenye bima zinaweza kumtoka kwa sentensi moja ambayo hakuiandika yeye, na jimbo lake halina la kufanya. Mfanyabiashara wa Mombasa au Dar es Salaam anayeagiza mzigo kwa meli anapaswa kuielewa sentensi hiyo, kwa sababu na yeye anayo kwenye hati yake.

Ukweli wa kesi hauna utata mwingi. Raiders Retreat Realty ni kampuni ya Pennsylvania iliyokuwa na yoti, yaani boti ya starehe. Great Lakes imeundwa kwa sheria za Ujerumani na makao yake makuu yako Uingereza. Chombo kilikatiwa bima ya hadi dola 550,000. Juni 2019 kiligonga chini na kukwama karibu na Fort Lauderdale, Florida, na uharibifu ukakadiriwa kuwa si chini ya dola 300,000. Hapakuwa na moto, wala hakuna aliyedai kwamba moto ulichangia. Hata hivyo Great Lakes ilikataa kulipa, ikisema vifaa vya kuzimia moto havikuwa vimekaguliwa na kuthibitishwa upya kwa wakati, na kwamba Raiders ilitoa maelezo yasiyo sahihi kuhusu vifaa hivyo, hivyo hati ilikuwa batili tangu mwanzo. Kampuni haikungoja kushtakiwa. Ilitangulia yenyewe katika mahakama ya shirikisho ya Wilaya ya Mashariki ya Pennsylvania kuomba tamko kwamba haidaiwi kitu. Kampuni za bima hupenda njia hiyo, kwa kuwa anayewahi mahakamani ndiye anayeliunda swali. Raiders ikajibu kwa madai matano, na matatu kati yake yalisimama juu ya sheria ya Pennsylvania: kuvunjwa kwa wajibu wa uaminifu, nia mbaya ya kampuni ya bima, na kukiukwa kwa sheria inayomlinda mlaji dhidi ya biashara isiyo ya haki.

Madai hayo matatu ndiyo yenye pesa. Sheria ya Pennsylvania inampa jaji mamlaka, akiona kampuni ya bima imetenda kwa nia mbaya, kuitoza riba ya kiwango cha msingi cha benki ukiongeza asilimia 3, fidia ya adhabu, na gharama za wakili. Bila silaha hiyo, kampuni inayokataa kulipa dola 300,000 inajua kwamba ikishindwa itatoa kiasi kile kile ilichodaiwa tangu siku ya kwanza, na kuongeza riba ya kawaida. Kuchelewesha hakuigharimu sana. Anayeumia ni mwenye chombo, aliye na gharama za kukikwamua, kukivuta na kukiweka gatini, na wakili anayehitaji malipo kila mwezi. Ndiyo maana Great Lakes ilipigana hadi ngazi ya juu kabisa kwa ajili ya mstari mmoja.

Kuhusu mitungi yenyewe, inafaa kuangalia sharti la aina hii linataka nini, maana huandikwa kwa maneno machache yenye kazi nyingi ndani yake. Hati za yoti kwa kawaida humtaka mwenye chombo ahakikishe mitungi imefungwa sawasawa, inapimwa uzito mara moja kwa mwaka, inawekwa kadi ya ukaguzi na inajazwa upya inapobidi. Kupima uzito si mapambo. Mtungi wa kaboni dayoksaidi, ule unaofungwa kwenye chumba cha injini, una gesi iliyogeuzwa kimiminika, na shinikizo lake halionyeshi kiasi kilichobaki. Mtungi unaweza kuvuja polepole miezi mingi, na anayeutazama kwa macho hataona tofauti. Kinachoufichua uvujaji ni mizani: fundi anausoma uzito wa mtungi mtupu uliogongwa kwenye chuma, anautoa kwenye uzito wa sasa, na gesi ikiwa imepungua kwa zaidi ya asilimia 10, mtungi unarudi kujazwa. Mtungi wa kilo 10 za gesi uliobaki na 8.8 unaonekana mzima kabisa, na bado umeshindwa ukaguzi. Mwenye chombo akipitisha mwezi mmoja baada ya tarehe iliyo kwenye kadi, sharti limevunjika, hata kama mizani ingeonyesha gesi yote ipo.

Katika bima ya bahari sharti la namna hii huitwa waranti, na ukali wake ni wa karne nyingi. Mwaka 1786 mahakama ya Uingereza, chini ya Lord Mansfield, iliamua kesi ya De Hahn dhidi ya Hartley. Hati ilisema meli imeondoka Liverpool na watu 50 au zaidi. Ukweli ni kwamba iliondoka na 46, na saa chache baadaye ikachukua 6 wengine huko Wales, ikawa na 52. Baadaye kabisa, mbali na hapo, ikatekwa. Upungufu wa saa zile chache haukuhusiana na kutekwa kwake, lakini mwenye bima alikosa fidia. Sheria ya Uingereza ya Bima ya Bahari ya 1906 iliandika kanuni hiyo waziwazi: waranti itimizwe sawasawa, iwe na maana kwa hatari au isiwe nayo, ikivunjwa, kampuni ya bima inaondokewa na wajibu wa kulipa tangu wakati huo, na kurekebisha kosa kabla ya hasara hakumsaidii aliyekosea.

Marekani ilichukua njia yenye kona. Mwaka 1955, katika kesi ya Wilburn Boat, boti-nyumba iliungua ikiwa imefungwa katika Ziwa Texoma, lililo kati ya Texas na Oklahoma. Kampuni ya bima ilikataa kulipa kwa sababu boti ilikuwa imehamishiwa umiliki na kutumika kubeba abiria kwa malipo, mambo yaliyokatazwa na hati. Mahakama ya Juu ilisema hakuna kanuni ya shirikisho iliyokwisha kujengeka juu ya athari ya kuvunja waranti, kwa hiyo sheria ya jimbo itumike. Tangu hapo jibu limetegemea uko wapi. Florida, kwa mfano, inasema uvunjaji wa waranti katika bima ya bahari hauondoi fidia ila uwe umeongeza hatari. New York, kwa bima nyingine, inataka pia uvunjaji uwe umeongeza hatari ya hasara kwa kiwango cha maana, ila inaiacha nje bima ya bahari katika hatari za safari, ambako ukali wa zamani unaendelea. Sasa rudi kwenye hati ya Great Lakes. Inasema mgogoro utaamuliwa kwa kanuni za sheria ya bahari ya shirikisho zilizokwisha kukita mizizi, na pasipo na kanuni kama hizo, kwa sheria ya New York. Mwandishi wa sentensi hiyo aliijua Wilburn Boat na aliijua sheria ya New York. Aliyetia saini upande wa pili huenda hakuijua hata moja.

Mahakama ya wilaya iliifuata hati na kuyatupa madai matatu ya Pennsylvania. Mwaka 2022 Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Tatu, iliyoko Philadelphia, iliirudisha kesi, ikisema lazima kwanza iangaliwe kama kuitumia sheria ya New York kunavunja msimamo mzito wa Pennsylvania. Iliazima hoja hiyo kutoka kesi ya Bremen ya 1972, iliyohusu mahali pa kushtakiana. Ndipo Mahakama ya Juu, kwa kalamu ya Jaji Kavanaugh, ikasema vifungu vya kuchagua sheria katika mikataba ya bahari vinadhaniwa kuwa halali, kama vile vya kuchagua mahakama. Vinawekwa kando kwa sababu chache tu: sheria iliyochaguliwa ikigongana na sheria ya bunge la shirikisho, ikigongana na msimamo wa shirikisho uliokwisha kujengeka katika mambo ya bahari, au pande zote zikiwa hazina sababu yoyote ya msingi ya kuichagua. Kwamba jimbo fulani linaona jambo vingine haimo katika orodha hiyo. Jaji Thomas aliongeza maoni yake akiushambulia msingi wa Wilburn Boat wenyewe.

Hoja za upande wa Mahakama zina nguvu, na sitaki kuzipita haraka. Chombo cha majini kinahama. Yoti ya mtu wa Pennsylvania inaweza kulala New Jersey, kutengenezwa Maryland na kukwama Florida. Bila kifungu cha sheria, mwaka wa kwanza wa kesi unaisha kwa kubishania tu ni kitabu kipi kifunguliwe, na mawakili wa pande zote wanalipwa kwa ubishi huo. Kujua mapema ni faida hata kwa mwenye bima. Tena, Wilburn Boat yenyewe ilihusu hati ambayo Mahakama haikuiona kuwa imechagua sheria. Kusema kwamba kesi hiyo inakabidhi kila jimbo kura ya turufu juu ya mkataba ni kuivuta kupita ilikofika. Katika hilo majaji wana haki. Na New York si mahali palipookotwa tu: sheria yake ya bima ya bahari ina hukumu nyingi na inasomeka.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile ya bei. Husemwa kwamba kampuni ya bima ikilazimika kukisia sheria za majimbo 50, ada itapanda na mwenye chombo ndiye atakayelipa. Lakini kampuni za bima ya nyumba, ya magari na ya moto zinafanya kazi hiyo kila siku nchi kavu, jimbo kwa jimbo, na biashara inaendelea. Isitoshe, swali la Raiders halikuwa la majimbo 50. Jina la kampuni na jimbo lake vilijulikana siku bima ilipokatwa, kwa hiyo jimbo lililokuwa la kukisiwa ni moja. Hata dai kwamba bahari inahitaji sheria moja halikai vizuri hapa. Great Lakes haikuchagua sheria moja ya bahari. Ilichagua sheria ya jimbo moja. Kesho kampuni nyingine itachagua jimbo jingine, na yoti mbili zilizofungwa gati moja zitakuwa chini ya sheria mbili. Umoja uliopatikana ni wa vitabu vya kampuni.

Upande wa pili nao una hoja isiyosimama, ile inayosema majaji walipaswa kukifuta kifungu kwa sababu matokeo yake ni ya kikatili: mtu ananyimwa pesa za kukwama kwa sababu ya vifaa vya moto. Ukatili huo, ukitokea, unatoka katika kanuni ya waranti. Kifungu cha uchaguzi wa sheria ni mlango tu. Ukiubomoa mlango wa New York ukiacha kanuni palepale, mwenye chombo wa jimbo lenye sheria kali kama hiyo hafaidiki kitu. Na Great Lakes ilikuwa na mguu wa pili, ule wa maelezo yasiyo sahihi. Bima ya bahari inamtaka mwenye bima aseme ukweli wote unaogusa hatari kabla ya kukatiwa bima, na kosa hapo lina maisha yake yenyewe hata waranti ikilegezwa. Wanaoizungumzia kesi hii kama ya mitungi peke yake wanausahau mguu huo.

Kilichobaki, na ndicho kinachonisumbua, ni dhana ya makubaliano. Uamuzi unazungumza kana kwamba pande mbili zilikaa na kuichagua New York. Katika bima ya yoti hakuna kikao hicho. Kuna fomu ya maombi, kuna dalali, kuna ada, halafu hati inafika baadaye ikiwa imechapwa. Kuchagua mahakama na kuchagua sheria si jambo moja kwa uzito. Ukipelekwa mahakama ya mbali, unalipa nauli lakini haki yako unaibeba. Ukibadilishiwa sheria, haki yenyewe inaachwa nyuma. Kuvipima vifungu viwili hivyo kwa kipimo kimoja ndiko kulikofanya ulinzi wa Pennsylvania uonekane kitu kidogo.

Athari yake kwa mabunge ni hii. Pennsylvania haiwezi tena kumlinda mwananchi wake katika bima ya bahari ikiwa hati yake inasema New York, hata ikitunga sheria ya herufi kubwa. Bunge la shirikisho linaweza, kwa kuwa sheria yake imo katika orodha ya vizuizi. Bunge la New York nalo linaweza, kwa kuifuta ile ruhusa inayoiacha bima ya bahari nje ya kipimo cha hatari, na papo hapo lingebadilisha maana ya hati nyingi za yoti kote Marekani. Ila kampuni zingeweza kuhamia jimbo lingine lenye sheria iliyojengeka, na mwenye chombo angeanza upya. Kwa hiyo dawa ya uhakika iko Washington.

Uingereza imeonyesha kwamba jambo hili linatengenezeka kwa sheria fupi. Sheria yake ya Bima ya 2015, iliyoanza kutumika tarehe 12 Agosti 2016, imebadilisha mambo mawili. La kwanza, kuvunja waranti kunasimamisha kinga kwa muda wa uvunjaji tu. Ukirekebisha, kinga inarudi. La pili, kampuni ya bima haiwezi kulitegemea sharti linalolenga kupunguza hatari ya aina fulani ikiwa mwenye bima ataonyesha kwamba kulivunja hakungeweza kuongeza hatari ya hasara iliyotokea, katika mazingira iliyotokea. Chini ya kanuni hiyo, mtungi usiokaguliwa usingezuia fidia ya boti iliyokwama. Ubaya ni kwamba katika mikataba ya biashara kampuni inaweza kujitoa katika baadhi ya kanuni hizo, mradi maneno ya kujitoa yawe wazi na mwenye bima ameelekezwa kuyaona kabla ya mkataba.

Hapo ndipo Afrika Mashariki inapoingia, na si kwa kulazimisha. Sheria ya Bima ya Bahari ya Kenya, Sura ya 390, ilifuata ile ya Uingereza ya 1906, na ukali wa waranti ukaja nayo. Tangu Januari 2017 Kenya imesimamia kwa nguvu takwa kwamba mizigo inayoingizwa nchini ikatiwe bima kwa kampuni zilizosajiliwa humo, na Tanzania nayo imefuata mkondo huo. Waagizaji ambao zamani bima yao ilishughulikiwa na muuzaji wa ng'ambo sasa wanaikata wenyewe. Hati wanayopewa mara nyingi hubeba vifungu vya London vya bima ya mizigo, vya daraja A, B au C, na mwishoni mwa vifungu hivyo kuna mstari unaosema bima hii iko chini ya sheria na desturi za Uingereza. Ajabu ya mstari huo ni kwamba unaweza kumsaidia mwagizaji: sheria ya Uingereza ya leo ni laini juu ya waranti kuliko ile ya 1906 iliyonakiliwa huku. Lakini mtu asiyejua mstari upo hataudai, na wakili wake anaweza kuiendesha kesi nzima kwa Sura ya 390 bila kuugusa. Uamuzi wa Marekani haumfungi jaji wa Nairobi. Mawakili wa kampuni za bima watautaja hata hivyo, kama hoja ya kushawishi, pale tu kifungu kinapowafaa.

Kwa hiyo anayekata bima ya mzigo au ya chombo amuulize dalali mambo manne kwa maandishi, barua pepe inatosha, kabla ya kulipa ada. Hati hii inatawaliwa na sheria ya nchi gani, na mstari huo uko ukurasa gani? Kama ni ya Uingereza, kuna maneno yoyote ya kujitoa katika Sheria ya 2015? Masharti gani yameandikwa kama waranti, au yana maneno kwamba yakivunjwa kinga inakoma? Na kila sharti lenye tarehe, iwe ukaguzi wa mitungi, cheti cha chombo au ulinzi wa ghala, lithibitishwe kwa karatasi ipi? Jibu la swali la nne liingie kwenye kalenda mwezi mmoja kabla ya tarehe kupita, na kila kadi ya fundi ipigwe picha inayosomeka, nakala ikae nje ya chombo, maana chombo kikizama na kadi inazama nacho. Fomu ya maombi nayo itunzwe kama ilivyojazwa, ukurasa kwa ukurasa. Dalali akiijaza kwa niaba yako, isome kabla ya kutia saini, kwa sababu neno "ndiyo" aliloweka kwenye swali la vifaa vya moto litasomwa mahakamani kama neno lako.

Wabunge wa Kenya hawahitaji kungoja yoti ya mtu ikwame Kilindini. Vipengele vya Uingereza vya 2015 kuhusu waranti havizidi kurasa mbili, na vinaweza kuingizwa katika Sura ya 390 kwa marekebisho ya mswada mmoja. Vikiingizwa, viambatane na kifungu kinachosema ulinzi huo hauondolewi kwa kuchagua sheria ya nchi nyingine pale ambapo mwenye bima na mzigo wake wako Kenya. Pennsylvania ilikuwa na ulinzi mzuri bila ngao ya namna hiyo, kwa kuwa haikuwa na mamlaka ya kuiweka. Nchi huru inayo.